Udoni Isiyo na Kiuno

Wajapani wana neno moja wanalolitumia kupimia udoni, tambi zao nene, nalo ni koshi, ambalo maana yake ya kila siku ni kiuno. Udoni yenye kiuno ukiiuma hukataa kidogo kabla ya kukatika, huusukuma ulimi na kurudisha nguvu ya jino, na mlaji hutikisa kichwa kwa kuridhika. Isiyo na kiuno hulegea mara tu inapoingia kinywani, na sehemu kubwa ya Japani huihesabu kuwa ni udoni iliyomshinda mpishi. Nimeishi miaka mitatu Fukuoka, mji mkubwa kuliko yote katika kisiwa cha Kyushu, ambako udoni haina kiuno na watu hawaoni haya hata kidogo. Ninaandika makala haya kwa sababu nimekuja kuamini kwamba ulaini ule ni ufundi kamili, na kwamba mahali pa kuuelewa ni kwenye kaunta ya baa ndogo ya udoni, usiku, baada ya sahani nyingine zote kuondolewa.

Nieleze kwanza udoni ni nini kwa msomaji ambaye hajaionja. Ni tambi nene na nyeupe za unga wa ngano, maji na chumvi, basi. Haina yai wala magadi, na hapo ndipo inapoachana na rameni, tambi ya aina nyingine, ambayo hukandwa kwa maji yenye magadi na ndiyo maana huwa na umanjano. Mgeni akifika Fukuoka huelekezwa kwenye rameni ya supu ya mifupa ya nguruwe, kwa kuwa ndiyo iliyoupa mji huu jina nje ya mipaka yake. Mwenzangu wa maabara, mzaliwa wa Hakata, alinipitisha mbele ya foleni ya rameni bila kusimama, akaniingiza kwenye duka la udoni lenye madirisha yaliyojaa mvuke, akaniambia kwamba rameni wanakula wakitaka, lakini udoni wamelelewa nayo.

Hakata ndiyo bandari ya kale ambayo leo ni sehemu ya jiji la Fukuoka, na watu wake hudai kwamba udoni ya Japani ilianzia kwao. Ndani ya eneo la hekalu la Jotenji, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka stesheni ya Hakata, limesimamishwa jiwe lililochongwa maneno ya kudai hivyo. Dai lenyewe linamhusu mtawa Enni, aliyerudi kutoka China mwaka 1241 akiwa na maarifa ya kinu cha kusaga unga kwa nguvu ya maji. Mtawa huyo huyo ndiye anayesimuliwa kwamba alibebwa mitaani akinyunyiza maji ya kufukuza maradhi yaliyokuwa yameuvamia mji, na kutokana na kisa hicho ndiyo ikazaliwa sherehe ya Yamakasa, ambayo kila mwaka tarehe 15 Julai, alfajiri saa kumi na moja kasoro dakika moja, wanaume huanza kukimbia na jukwaa zito mabegani. Nimesimama mbele ya lile jiwe mara nyingi. Hata ukiyaweka kando mabishano ya nani alitangulia, jambo moja linabaki wazi: bila kinu hakuna unga laini wa kutosha, na bila unga huo udoni haiwezi kuwa chakula cha watu wote.

Kuhusu ulaini, wenyeji husimulia kwamba wafanyabiashara wa bandarini hawakuwa na subira. Udoni nene ikichemshwa kutoka mbichi huchukua muda mrefu, na mtu anayesubiriwa na mizigo hawezi kukaa akitazama sufuria. Kwa hiyo wapishi wa Hakata walizoea kuzichemsha tambi mapema, wakaziacha zipumzike katika vifungu vya mlo mmoja mmoja, na mteja akiingia wakazipasha tu kwenye maji ya moto na kumpa bakuli lake papo hapo. Tambi iliyochemshwa na kupumzishwa hivyo imeshiba maji mpaka katikati. Huo ndio ulaini unaolaumiwa. Hata ngano inayolimwa katika bonde la Chikugo, kusini mwa jiji, ambako mashamba hupandwa mpunga kiangazi na ngano majira ya baridi, imechaguliwa kwa shabaha hiyo: ipo mbegu iitwayo Chikugoizumi inayopendwa kwa udoni kwa sababu unga wake unatoa tambi nyororo.

Ili nisiwe mtetezi asiyeijua hoja ya upande wa pili, nilisafiri hadi Takamatsu, makao makuu ya mkoa wa Kagawa, ambao ni mdogo kuliko mikoa yote ya Japani kwa eneo na ndio unaoheshimiwa kuliko yote kwa udoni. Nilikwenda kwa treni hadi Okayama, kisha nikavuka Daraja Kuu la Seto, lililofunguliwa mwaka 1988, bahari ikiwa chini yangu na visiwa vimetawanyika kama mbegu. Kule watu hula udoni asubuhi kama sisi tunavyokula chapati na maharage. Katika duka moja nililoingia mteja anapewa bakuli lenye tambi, anazipasha mwenyewe kwenye maji ya moto, anajimiminia supu kutoka kwenye bomba la tangi, na anakula amesimama au amekaa kwenye benchi la nje. Mpishi aliniruhusu kutazama unga ukikandwa. Huufunga kwenye mfuko wa plastiki na kuukanyaga kwa miguu, akizunguka polepole kama mtu anayetwanga kwa visigino. Wana kanuni ya chumvi ambayo kila fundi anaijua kwa moyo: wakati wa joto kali, kikombe kimoja cha chumvi kwa vikombe vitatu vya maji, na wakati wa baridi, kikombe kimoja kwa sita, kwa sababu joto huulegeza unga na chumvi huukaza. Mtu aliyewahi kukanda unga wa chapati mchana wa Machi kule Tanga anaelewa vizuri wanachopambana nacho. Udoni niliyokula siku ile ilikuwa na kiuno kweli, ilikuwa nzuri sana, na sina neno baya la kuisema.

Kinachoniudhi ni kuona watu wakiichukua mizani ya Kagawa na kuipimia Hakata. Nimesoma maoni ya wasafiri wengi wanaoandika kwamba udoni ya Fukuoka imepikwa ikapitiliza, kana kwamba mpishi alisahau sufuria jikoni. Ni sawa na kuulaumu mkate wa kumimina kwa sababu hauna matabaka kama chapati. Udoni ya Kagawa imetengenezwa ili tambi yenyewe iwe bwana wa bakuli, na supu imtumikie. Udoni ya Hakata imetengenezwa ili supu iwe bwana, na tambi iwe njia ya kuifikisha mwilini.

Basi ni lazima niiseme supu. Huitwa dashi, na mtu wa pwani yetu akisimuliwa vitu vinavyoingia ndani yake hawezi kujiona mgeni. Kuna iriko, ambao ni dagaa wakavu, wenye rangi ya fedha na mgongo uliojikunja, wanaofanana kabisa na wale wanaoanikwa kwenye vichanja nyumbani. Wapishi waangalifu huwatoa kichwa na tumbo kwanza ili supu isiwe chungu, kazi ile ile niliyopewa na mama nikiwa mdogo, nimekaa kwenye kibao cha mbuzi na ungo mapajani. Kuna ago, ambaye ni panzi, yule samaki arukaye juu ya maji. Huchomwa, hukaushwa, na anasifika zaidi katika mkoa wa Nagasaki, humu humu Kyushu. Na kuna kombu, mwani mpana wa maji baridi ya kaskazini. Akina mama wa Paje na Jambiani hulima mwani wa aina nyingine kabisa, ambao kwa sehemu kubwa huuzwa nje kwenda viwandani, na sisi wenyewe hatujauzoea sufuriani. Huku mwani ndio msingi wa supu. Mwaka 1908 mwanakemia Ikeda Kikunae alichunguza kombu akitafuta asili ya ladha yake, akaipata katika glutamati, na ladha hiyo akaiita umami. Supu ya Hakata hukolezwa kwa sosi ya soya yenye rangi hafifu, ambayo ina chumvi zaidi kuliko ile nyeusi, ndiyo maana bakuli linaonekana kama limejaa chai ya rangi iliyopauka huku ladha yake ikiwa nzito. Kwa msomaji Mwislamu niongeze kwamba wapishi wengi huweka pia mirini, ambayo ni kileo kitamu cha mchele, kwa hiyo ni vyema kuuliza kabla ya kuagiza.

Mchana, haya yote hulika ndani ya dakika kumi. Usiku ndipo mambo yanapobadilika, kwa kuwa baadhi ya maduka ya udoni ya Fukuoka jioni hugeuka izakaya. Izakaya ni baa, lakini baa ambayo watu huiendea kula kama wanavyoiendea kunywa: sahani ndogo ndogo hufuatana, watu huchangia, na hakuna anayeharakishwa. Ile ninayoipenda iko kwenye kichochoro karibu na mtaa wa Yakuin. Ina viti tisa vya kaunta na meza mbili, na mlangoni pananing'inia pazia fupi la kitambaa cha buluu, ambalo likiwa nje maana yake duka liko wazi. Ukiliinua kwa mkono na kuinama kidogo, sauti mbili hukukaribisha kwa pamoja, ya mwenye duka na ya mkewe. Yeye wateja humwita taisho, jina la heshima la mpishi mwenye kaunta yake. Mkewe huitwa okami.

Mimi sinywi pombe, na mwanzoni nilihofu kwamba nitachukua kiti cha mtu ambaye angeagiza bia tatu. Okami aliniuliza ninywe nini, nikamwambia chai ya ulongi, iliyo baridi, akaniletea kwenye gilasi kubwa ile ile ya bia, yenye barafu, na jirani yangu akaigonga kwa gilasi yake kama desturi inavyotaka. Pamoja na kinywaji huja kisahani usichokiagiza, siku ile kilikuwa na mchicha uliochovywa kwenye dashi, nacho huandikwa kwenye bili kama ada ya kiti. Wageni wengine hulalamika juu ya ada hiyo. Mimi naiona ni haki, maana hapa hakuna bahashishi, na kisahani kile kinakutuliza tumbo wakati taisho anashughulikia ulichoagiza.

Huwa naagiza vibua kwa ufuta. Ni sahani ya Fukuoka hasa: minofu ya vibua wabichi waliovuliwa karibu, iliyokatwa vipande, ikachanganywa na sosi ya soya na ufuta uliosagwa papo hapo, na juu yake vitunguu vya majani. Nilimwambia taisho kwamba nchi yangu inalima ufuta, Lindi na Mtwara, na kwamba Japani ni mmoja wa wanunuzi wetu. Hilo si jambo dogo, kwa sababu Japani huagiza karibu ufuta wake wote kutoka nje. Alikwenda nyuma, akarudi na mfuko, akaugeuza akitafuta maandishi ya asili yake, nao haukutaja nchi moja bali kadhaa, za Afrika zikiwemo. Tangu siku hiyo ananimiminia ufuta bila kipimo.

Jambo ambalo ni lazima mtu alijue kuhusu mlo wa usiku wa namna hii ni kwamba udoni haiji mwanzo. Inaitwa shime, neno linalotokana na kitenzi cha kufunga. Unakula vitu vyako vidogo, unazungumza, saa zinakwenda, kisha mtu mmoja anasema sasa tufunge, na hapo ndipo tambi zinapoingia kwenye maji ya moto. Nilipoliona hili mara ya kwanza ndipo nilipoelewa kwa nini udoni ya Hakata inapaswa kuwa laini. Saa nne na nusu za usiku, tumbo limeshapokea samaki na vya kukaanga, nani anataka tambi ya kushindana nayo? Anayefunga mlo anataka kitu kinachoteremka.

Nimemtazama taisho akifanya kazi hiyo pengine mara hamsini, nami bado nainua shingo kila anapoanza. Huchukua kifungu kimoja cha tambi kutoka kwenye trei ya mbao iliyofunikwa kitambaa, hukiweka kwenye kikapu cha waya chenye mpini mrefu, hukizamisha kwenye sufuria inayotokota na kukitikisa kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia wakati huo humwaga maji ya moto ndani ya bakuli ili lipate joto, huyamwaga nje, hulifuta. Kikapu hupanda, hupigwa hewani mara mbili, maji huruka, na tambi huteremka ndani ya bakuli zikilala upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Kisha upawa mmoja wa supu, na nusu. Mwisho huweka gobo, mzizi mrefu na mwembamba wenye harufu ya udongo baada ya mvua, uliokatwa vijiti, ukachovywa kwenye uji wa unga na kukaangwa. Gobo ikigusa supu hutoa mlio mdogo, kama maji yaliyotonewa kwenye kikaango. Mafuta yake huanza kutawanyika juu ya supu kwa vijiduara vya dhahabu, na unga wake wa nje huanza kulegea, kwa hiyo dakika ya kwanza unakula gobo inayovunjika, na dakika ya tatu unakula supu iliyokwisha kubadilika. Vitunguu vya majani viko kwenye chombo kaunta nzima, chukua utakavyo, bila malipo. Mimi huongeza ncha ya kijiti ya yuzukosho, pilipili mbichi iliyopondwa pamoja na chumvi na ganda la yuzu, jamii ya ndimu, kitu cha Kyushu ambacho kinastahili kujulikana na kila anayependa achari.

Mara ya kwanza nilikosea. Supu ilikuwa ya moto sana, dada yangu akanipigia kutoka nyumbani, nikatoka nje kuzungumza naye kwa adabu kama dakika saba. Niliporudi supu ilikuwa imetoweka. Tambi za Hakata huendelea kunywa zikiwa bakulini, na zilikuwa zimenenepa mpaka zimejaa ukingoni. Nilidhani nimeharibu chakula cha mtu. Okami hakusema lolote. Aliniletea birika dogo la alumini lenye supu ya moto, akaniongezea, akanionyesha kwa ishara kwamba nivute tambi kwa sauti, pamoja na hewa, ndipo moto wake hautaniunguza. Nililelewa kwamba kula kwa mlio ni utovu wa adabu, na ilinichukua majuma kadhaa kuushinda mdomo wangu. Lakini nilijifunza pia kwamba yapo maduka mjini humu ambayo humletea kila mteja birika kama lile tangu mwanzo, kwa sababu wanajua udoni yao ina kiu.

Februari iliyopita, usiku wa mvua baridi, alikaa pembeni yangu mzee mmoja ambaye taisho alimpokea kwa sauti ya chini kuliko kawaida. Hakuagiza kinywaji wala samaki. Okami alimletea maji ya uvuguvugu na shali ya kufunika magoti. Mzee aliniita kaka, kama wazee wa hapa wanavyowaita vijana wasiowajua, akaniambia ametoka hospitali siku mbili zilizopita, meno mengine yametolewa, na kwamba muda wote aliokuwa kitandani alifikiria bakuli moja tu. Katika nyumba za Kijapani mgonjwa hupewa uji wa mchele au udoni iliyochemshwa mpaka ikalegea, kama kwetu anavyopewa uji mwepesi wa mtama wenye ndimu. Taisho alizamisha tambi zake kwa muda mrefu kuliko zangu. Hakuweka gobo. Aliweka supu, vitunguu vilivyokatwa vidogo mno, na kipande cha yai lililokunjwa, akaizunguka kaunta na kuliweka bakuli mbele yake kwa mikono miwili.

Mzee alikula polepole, bila mlio, akikata tambi kwa ulimi na midomo. Alipomaliza alilishika bakuli kwa viganja vyote viwili, akanywa supu hadi mwisho, akaliweka chini na kusema gochisosama, neno la kumshukuru aliyekulisha. Taisho aliinama kutoka kwenye sufuria yake, uso ukiwa umefichwa na mvuke.

Nililipa yeni 2,640, nikavaa koti. Okami alikuwa ameshatoka kulishusha pazia, linadondosha maji, akalikung'uta na kulisimamisha ndani nyuma ya mlango. Kwenye jiko taisho alikuwa amezima moto. Alichukua vipande vya kombu vyenye vumbi jeupe linalotoka kwenye mwani wenyewe, akavifuta kwa kitambaa kimoja baada ya kingine, akavilaza kwenye sufuria ya maji baridi vilowe hadi asubuhi.